Anko Analala, Mimi Nahesabu

Mara ya kwanza nilihesabu bila kukusudia. Ilikuwa saa nane usiku, Kitengela, upande wa Noonkopir, kwenye chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua ambalo Anti alilituma kutoka ushago. Upande wa dirishani ni wangu. Upande wa mlangoni ni wa Anko, kwa sababu yeye hutoka saa kumi alfajiri kwenda kupakia simiti Athi River. Alikuwa anakoroma vile anavyokoroma siku zote, kama posho mill inayokaribia kumaliza gunia. Halafu akanyamaza.

Ukizoea kulala karibu na mtu anayekoroma, kimya ndicho kinakuamsha. Nikangoja. Mbwa wa ploti alibweka, akaacha. Nikaanza kuhesabu, labda kwa sababu bando lilikuwa limeisha na sikuwa na kitu kingine cha kufanya gizani. Nilifika 22. Ndipo akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyetolewa majini, akageuka, kitanda kikalia, na posho mill ikaanza tena.

Asubuhi nilimuuliza amelalaje. "Kama mtoto," akasema, akajipaka mafuta usoni, akaenda kuendesha lori la tani kibao hadi Namanga.

Hakuwa anadanganya. Hapo ndipo shida yangu ilianzia. Kuna jambo kubwa kuhusu maisha ya huyu mtu, jambo linalotokea kila usiku ndani ya koo lake mwenyewe, na yeye ndiye mtu pekee kwenye hicho chumba ambaye hawezi kulijua.

Nilifanya utafiti wangu kwa simu, kama kila mtu. Unaitwa apnia ya usingizi, ile aina ya kuziba. Sote tukilala misuli ya koo hulegea, lakini kwa wengine inalegea hadi njia ya hewa inajifunga. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Oksijeni inashuka. Ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kidogo tu, kiasi cha kufungua koo lakini si kiasi cha kukumbuka. Halafu analala, na mchezo unaanza upya. Wataalamu huhesabu vituo vya sekunde 10 au zaidi, pamoja na zile nyakati hewa inapungua sana bila kukatika. Ukipata vitano hadi kumi na kitu kwa saa, hali ni nyepesi. Kuanzia 30 kwa saa, hali ni kali. Mtu wa 30 ana uhakika kwamba amelala saa saba mfululizo, na amekatizwa mara 210.

Na si ugonjwa wa watu wachache. Makadirio yaliyochapishwa 2019 yalikaribia watu bilioni moja duniani, wa kati ya miaka 30 na 69. Wengi hawajui, na enyewe watajulia wapi? Presha isiyoshuka hata kwa dawa tatu, moyo kwenda mbio, kiharusi, sukari, kichwa kuuma asubuhi, hasira za bure, kusinzia mchana. Kila moja ya hizo ina maelezo mengine ambayo mtu anayapenda zaidi. Ni kazi. Ni umri. Ni ugali wa mchana.

Nilimpigia Anti. Akacheka. "Huyo? Si amekoroma tangu anioe. Nyumba ambayo mwanaume anakoroma, mwizi anapita mbali." Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. "Lakini kuna usiku nilikuwa namdunga na kiwiko. Nikaona ni uoga wangu tu."

Kwa hivyo Anti alijua. Miaka kumi na tisa ya kiwiko.

Sasa, nilichofanya baadaye sijivunii. Nilimrekodi usiku tatu, simu ikiwa chini ya pazia, bila kumwambia. Nilijiambia ni kwa faida yake, na ilikuwa kweli, lakini kila mwizi wa siri husema hivyo. Jumapili, baada ya chai, nikamchezea. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Ule mkoromo. Kile kimya, ambacho kwenye rekodi ni kirefu zaidi kuliko kilivyo chumbani. Ule mlipuko wa pumzi. Akaniangalia.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Anko."

"Si mimi."

Akaweka kikombe chini, akaenda kuosha viatu vilivyokuwa tayari safi.

Nilisoma falsafa chuo kwa mihula mitatu kabla karo kunilemea. Siku hizi naandikia watu maelezo ya bidhaa, nalipwa kwa kila neno. Kwa hiyo sina mengi ya kukumbuka kutoka darasani, lakini siku hiyo nilimkumbuka John Locke. Kwenye toleo la pili la kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya binadamu, 1694, Locke aliongeza sura kuhusu ni kitu gani kinamfanya mtu awe yuleyule leo na kesho. Jibu lake ni ufahamu. Kisha akaleta mfano wa Socrates: ikiwa Socrates aliye macho na Socrates aliyelala hawashiriki ufahamu mmoja, basi si mtu mmoja, na kumwadhibu huyu kwa alichowaza yule ni sawa na kumwadhibu pacha kwa kosa la pacha mwenzake.

Kumbe Anko ni mfuasi wa Locke na hajui. Si mimi.

Darasani nililipenda hilo wazo. Pale Noonkopir, nikisikiliza brashi ya viatu, nililiona lina shimo. Anko wa usiku na Anko wa mchana wanatumia moyo mmoja. Yule wa usiku anakopa, yule wa mchana ndiye anaamka na presha, na saa saba mchana, jua la Isinya likiwaka kwenye kioo, ndiye kope zake zinadaiwa. Locke alimuuliza aliyelala kama anakumbuka. Hakumuuliza mtu wa upande wa pili wa pazia.

Na huyo wa upande wa pili akishajua, anadaiwa nini? Naona kuna deni hapa ambalo ni tofauti na lile la kawaida la kumwambia rafiki kwamba ana kitu kwenye meno. Yule wa meno ataona kioo jioni. Huyu hataona kamwe. Usiposema, umemnyima kitu ambacho hakuna mahali pengine pa kukipata. Lakini ukisema, unamvua nguo mahali ambapo hakuwepo kujisitiri. Sijapata njia ya kulilipa hilo deni bila kumwaibisha mtu, na kusema ukweli sidhani ipo. Nadhani tunachagua tu aibu badala ya jeneza, halafu tunaomba msamaha kwa kupika.

Nilipika pilau. Jumanne akasema, akiangalia mbali, "Na hiyo kitu, mtu huona daktari gani?"

Swali rahisi. Nilidhani ningeligoogle na kumpa jina.

Tulianzia kwa duka la dawa, kama Wakenya wote, tukapewa matone ya pua. Kwenye kliniki moja, afisa alimpima presha, akashtuka, akaongeza kidonge. Nilipomuuliza kuhusu koo, alikuwa mkweli: "Mimi nitaandika barua, lakini nikuandikie kwa nani?" Hakuwa anatudharau. Tulikaa watatu pale tukiwaza, Anko akiwa tayari anasinzia kwenye kiti.

Maana ukifuata mantiki ya hospitali, ambapo kila kiungo kina mlango wake, hili ni koo. Koo ni la daktari wa masikio, pua na koo. Na kweli kuna watu ambao ni wake kabisa. Mtoto anayekoroma, anayelala mdomo wazi, anayekojoa kitandani hata akiwa mkubwa na kusinzia au kurukaruka darasani, mara nyingi shida ni tonsili na zile nyama za nyuma ya pua, na kuziondoa ndiyo tiba ya kwanza. (Kama una mdogo wako wa hivyo, wacha kumchapa, mpeleke.) Mtu mzima mwenye pua iliyopinda au tonsili kubwa pia atamfaa. Lakini Anko alichunguzwa Nairobi, pua ikapatikana imepinda kidogo tu, na daktari akasema jambo ambalo nilimheshimu nalo: naweza kukata, lakini sidhani nitakuwa nimekutibu.

Akatutuma kwa daktari wa mapafu. Hapo nilichanganyikiwa, kwa sababu mapafu ya Anko yako sawa. Kumbe ni historia. Kabla ya miaka ya themanini, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa shimo shingoni ili hewa ipite chini ya mahali panapoziba. Halafu 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, wakachapisha habari za wagonjwa watano waliolala wakipulizwa hewa kupitia puani, hewa yenye shinikizo dogo tu la kuzuia koo lisijifunge. Koo likabaki wazi. Hiyo ndiyo mashine ya CPAP, na hadi leo ndiyo tiba kuu. Na kwa kuwa watu waliozoea pumzi, hewa na maski ni wa mapafu, nchi nyingi ugonjwa wa koo ukaishia mikononi mwao.

Lakini jina lenyewe, apnia ya usingizi, lilienezwa 1976 na Christian Guilleminault na William Dement wa Stanford, watu wa sayansi ya ubongo na usingizi, na daktari wa mishipa ya fahamu bado anahitajika pale ambapo koo liko wazi ila ubongo wenyewe umesahau kuagiza pumzi. Daktari wa meno aliyesomea hilo hutengeneza kifaa cha kusukuma taya la chini mbele usiku, kizuri kwa hali isiyo kali sana. Daktari wa moyo hukutana na ugonjwa huu bila kuutafuta, kwa wagonjwa ambao presha imekataa kushuka. Wa homoni na uzito naye ameingia kwa kishindo, kwa sababu Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza kabisa ya ugonjwa huu, tirzepatide, kwa watu wazima wenye unene mkubwa na hali ya kati au kali. Na ukitaka kulia, fikiria wale waliopelekwa kwa daktari wa akili wakapewa dawa za msongo wa mawazo, na kumbe ni watu ambao hawajalala tangu 2011.

Yule aliyenigusa zaidi, hata hivyo, ni daktari ambaye hatukumwona. Wa nusukaputi. Fikiria kazi yake: katika hospitali nzima, yeye ndiye hulipwa kukaa kando ya mtu aliyelala na kusikiliza kama anapumua. Wengine wote humwona mgonjwa akiwa macho, akijitetea. Kwa hiyo haishangazi kwamba orodha ya maswali inayotumika sana duniani kubashiri ugonjwa huu ilitungwa na timu ya madaktari wa nusukaputi wa Toronto wakiongozwa na Frances Chung, ikachapishwa 2008. Ni maswali manane. Unakoroma kwa sauti? Una uchovu mchana? Una presha? Kisha uzito, umri zaidi ya miaka 50, shingo zaidi ya sentimita 40, na kama wewe ni mwanaume. Saba kati ya hayo unaweza kujaribu kujibu peke yako, ukiwa na futi ya fundi. Lakini kuna moja linauliza: je, kuna mtu amewahi kukuona ukiacha kupumua?

Hilo swali nimelifikiria sana. Ni dawa, lakini limeandikwa kama swali la kijiji. Kuna mtu? Kitengela imejaa watu ambao jibu lao ni hapana. Msichana wa EPZ anayeishi peke yake kwenye keja ya bati. Soja anayelala mchana wakati majirani wako kazini. Mwanamke ambaye mume wake amemsikia, lakini kwa sababu ati wanawake hawakoromi, wote wawili wamekubaliana kutosema. Fomu inampa sifuri, na sifuri inaonekana kama afya.

Ukiniuliza leo mtu aone daktari gani, nitakwambia hivi: anza na yeyote aliye karibu, afisa wa kliniki au daktari wa kawaida, lakini nenda na aliyekusikia, au na rekodi yake. Omba kipimo cha usingizi. Daktari wa mapafu, au yeyote aliyesomea usingizi, ndiye mara nyingi atakisoma. Wengine wote ni wa kuitwa inapobidi. Na kila mlango, kabla hujatoka, uliza: faili hii inabaki kwa nani? Usikubali kuondoka na barua tu.

Anko alipewa kipimo cha nyumbani. Mshipi kifuani, mrija puani, taa nyekundu kidoleni. Alionekana kama mtu anayeenda mwezini akiwa na vesti. Matokeo: 41 kwa saa. Daktari alikuwa mpole, akaeleza kuhusu mashine, kisha akasema bila kubadilisha sauti kwamba asiendeshe hadi aanze matibabu na kusinzia kuishe.

Anko akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, nyuma ya leseni.

Bei ya mashine ilikaribia bei ya bodaboda mpya. Na inataka stima usiku kucha, na unajua stima yetu. Chama kilisema kingeweza kumkopesha miezi miwili baadaye, zamu yake ikifika. Miezi miwili bila kuendesha ni kodi, ni karo ya watoto wawili, ni Anti. Jumatatu saa kumi alfajiri nilisikia mlango.

Uingereza dereva mwenye ugonjwa huu na usingizi wa mchana analazimika kisheria kuiarifu mamlaka ya leseni. Naelewa kwa nini. Sheria yetu ya Trafiki, kwa mabadiliko ya 2012, inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane kati ya 24. Kifungu kizuri, lakini kinahesabu saa za usukani. Anko huiheshimu. Anaendesha saa zake nane akiwa hajalala.

Nikamtafuta tanboi wake, kijana wa rika langu, tukanywa chai pale stage. Nilikuwa nimejiandaa kumpa habari mbaya. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nadhani yeye ni mjinga. "Buda, mimi hupiga story kutoka Isinya mpaka Bissil bila kupumua. Unadhani napenda mpira hivyo? Nikiona Dere anaanza kujibu 'mm, mm', nashusha dirisha. Nampea mugukaa. Namuuliza kuhusu watoto." Mbona hajawahi kusema? "Niseme kwa nani? Boss? Atafutwa, aletwe dere mwingine na tanboi wake. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe." Akaongeza: "Utalala njaa."

Wahenga waliisema hiyo methali kuhusu washindani, nadhani, usimzindue atakayekupiku. Sijawahi kuisikia ikitumika kwa mtu aliyelala kikweli, kwenye usukani, na matatu za abiria kumi na wanne zikija upande wa pili. Kwenye moja ya hizo matatu huwa niko mimi. Mara nyingine ni wewe.

Kwa hiyo Anti, mimi na tanboi, watatu, tulikuwa tunajua. Tumegawana usiku na mchana wa mtu mmoja kama zile kliniki zilivyogawana viungo vyake, kila mtu na kipande chake, na faili haipo kwa yeyote. Nina namba ya tajiri wa lori. Nimeiandika kwenye simu mara kadhaa, nikafuta. Najua hoja ya upande wa kupiga: abiria hawajakubali hatari hii, hawajaulizwa, na upendo wangu kwa Anko si pesa ya kununulia maisha yao. Ni hoja nzuri, sijaweza kuijibu. Hoja ya upande mwingine ni kwamba nikipiga, wiki hiyohiyo mtu mwingine ataketi kwenye hicho kiti, naye hana pazia wala mpwa.

Tulichokubaliana ni kitu cha katikati, na nakisema kwa aibu. Nilimpa akiba yangu iende kwa mashine, chama kikakubali kumruhusu abadilishane zamu na mama mmoja, ikabaki wiki tatu badala ya miezi miwili. Analala ubavu, nimemshonea mpira wa tenisi mgongoni mwa vesti, amewacha pombe. Ameapa kuegesha kila akisikia kope nzito. Na siku ambazo sina kazi, napanda naye.

Alhamisi tulipita Isinya jua likiwa juu. Ng'ombe walivuka, tukangoja, mchungaji akatupungia fimbo. Tanboi alikuwa anaongea kuhusu Arsenal. Tulipokaribia Kajiado, Anko alijibu "mm", halafu "mm" tena, na kabla sijasema kitu aliwasha indiketa mwenyewe, akatoka barabarani, akazima injini.

"Nipeni dakika kumi na tano," akasema. Akaegemeza kichwa dirishani.

Tanboi akashuka kutafuta maji. Mkoromo ukaanza karibu mara moja. Matatu zilipita zikitikisa kabati letu. Kisha kimya. Nikaangalia mfuko wa shati, ile karatasi iliyokunjwa nyuma ya leseni, haikuwa inasonga. Kumi na moja, kumi na mbili. Nikaweka mkono karibu na bega lake bila kuligusa. Kumi na nane. Kumi na tisa. Akavuta pumzi. Nikaanza tena moja.